Unga wa Njano Puani mwa Kakakuona

"Usimguse," alisema Daktari Elisha. "Ukimgusa atajikunja tena, tukae hapa nusu saa nyingine."

Inspekta Hadija Namtumba hakuwa na nusu saa ya kugawa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatano, na saa nane mchana mtu aliyemweka mahabusu kwa mkono wake mwenyewe angepandishwa kizimbani mjini Mtwara kwa kosa la kukutwa na nyara ya Serikali. Kwa kosa hilo watu hufungwa miaka ishirini, na wapo wanaotoka huko hawana meno. Nyara yenyewe ilikuwa mbele yao juu ya meza, katika chumba cha karantini cha kituo cha wanyama waliookolewa, huko Mtawanya: kakakuona jike, amejikunja duara, magamba nje, pua ndani, anakoroma.

Alikuwa anakoroma hivyo tangu Jumatatu.

"Mkuu wangu anataka karatasi kabla ya saa saba," alisema Hadija. "Ugonjwa gani, na wa siku ngapi."

"Mkuu wako ana jibu lake tayari. Alinipigia jana." Daktari Elisha alikuwa mtu mfupi, mvi kichwani, mwenye hasira za kudumu, na leo alikuwa na sababu. "Ameniambia mtuhumiwa anakohoa, mnyama anakohoa, kwa hiyo mmoja kamwambukiza mwenzake, kwa hiyo wamekaa pamoja siku nyingi. Akaniuliza kama nina la kuongeza. Nimesoma miaka mingi, Inspekta, halafu mtu ananipimia mgonjwa wangu kwa simu."

Hadija aliyajua hayo. Mkuu alimwambia na yeye maneno yale yale, na akaongeza la kwake: huyo ni mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, ana ndugu kule, njia za mtoni anazijua. Kana kwamba kuwa na shangazi Msumbiji ni ushahidi.

Mnyama alijikunjua polepole. Pua ilitoka kwanza, imelowa, halafu mdomo mwembamba, halafu tumbo la waridi lisilo na gamba hata moja. Daktari alikuwa anangoja hilo tumbo. Magamba hayapitishi sauti, na picha ya eksirei huyaonyesha hayo tu, mapafu yakajificha nyuma yake. Alitelezesha kipimo chake cha kusikilizia chini ya kwapa la mnyama, akafumba macho.

"Pafu la kulia limejaa huku chini," alisema. "Na kuna mluzi. Pande zote mbili. Mluzi huu ndio uliokuwa unaninyima usingizi."

"Kwa nini?"

"Nimonia ya kawaida hukoroma. Huyu anakoroma na anapiga mluzi. Njia zake za hewa zimebana, zimevimba, zimeungua." Alichomoa kipimo masikioni. "Njoo uone."

Kwenye meza ya dirishani kulikuwa na visahani viwili vya kioo. Jumatatu daktari alichukua ute puani mwa mnyama kwa kijiti cha pamba, akaupaka humo ili vimelea viote. Vilikuwa vimeota, madoadoa meupe yametanda sahani nzima.

"Kwa hiyo maambukizi yapo," alisema Hadija.

"Yapo. Siwezi kukuficha."

"Ya siku ngapi?"

"Nilipompokea yalikuwa na siku tatu, nne. Si chini ya hapo."

Yule mtuhumiwa, Agostinho Nampwapwa, aliapa kwamba alimwokota kakakuona Jumatatu alfajiri, shambani kwake, akampeleka ofisi ya kijiji asubuhi hiyo hiyo. Sasa daktari alikuwa anasema mnyama alianza kuugua Alhamisi au Ijumaa. Kama Mkuu angesikia nusu hiyo tu ya maneno, angefunga jalada na kwenda kunywa chai.

"Umeshamfunga mtu wangu," alisema Hadija.

"Bado sijamaliza. Nyie polisi mna haraka ya nini?" Daktari alimsogezea hadubini. "Tazama huo ute. Vimelea vilikuja nyuma. Mwizi hupita mlango ukishavunjwa. Mimi nakuonyesha kilichovunja mlango."

Hadija aliinama. Katikati ya ute kulikuwa na chembe nyingi za njano, zinang'aa.

Alifungua mkoba, akatoa mfuko wa vielelezo. Ndani yake kulikuwa na kipande cha kaniki nyeusi, upana wa kiganja, ambacho mnyama alikutwa nacho kimefungwa shingoni. Agostinho alidai alimkuta amevaa hivyo hivyo. Ofisini kijijini walimcheka. Hadija alikikung'uta juu ya karatasi nyeupe, na kwenye mikunjo ya fundo ukadondoka unga, kiasi cha kujaa ncha ya kijiko, njano tupu.

Akaomba kiberiti.

"Humu ndani?" Daktari aligeuka mkali. "Unataka kummaliza?"

Walitoka uani. Hadija aliweka karatasi juu ya tofali, akawasha njiti, akaigusisha. Unga uliyeyuka kwanza, halafu ukashika moto mdogo wa bluu, na harufu ikawapiga puani kiasi cha kuwatoa machozi. Walirudi nyuma wote wawili wakikohoa. Hakuna mtu aliyekulia mkoa ule asiyeijua harufu hiyo. Mwezi wa saba, mikorosho ikianza kuchanua, kila shamba linapulizwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na kila aliyeshika mashine anarudi nyumbani macho mekundu.

"Kakakuona hapandi mkorosho kupuliza salfa," alisema Daktari Elisha. "Alifungiwa ndani nayo. Chumba hakina hewa, unga uko chini, naye anatembea pua chini siku nzima, maana ndivyo anavyotafuta chakula. Salfa ikalowa puani, ikachoma, mapafu yakafungua mlango kwa kila kimelea."

"Andika hivyo hivyo."

"Nitaandika. Na liko la pili." Alijifuta macho. "Jana usiku nilimgeuza kumpima. Ana maziwa. Ananyonyesha, Inspekta."

Hadija alimtazama.

"Mtoto wa kakakuona hukaa juu ya mkia wa mama yake," alisema daktari. "Haachwi. Kama huyu alikuja peke yake, mtoto amebaki alikotoka."

"Mdogo kama huyo anaweza kukaa muda gani bila kunyonya?"

"Siku mbili. Tatu, akiwa na bahati. Leo ni ya tatu."

* * *

Nje ya kituo cha polisi, Ermelinda, mke wa Agostinho, alikuwa amekaa chini kwenye kivuli cha ukuta, bakuli limefunikwa kwa kitambaa miguuni pake. Alikuwapo Jumatatu, akawapo Jumanne. Alipomwona Hadija alisimama.

"Afande, mie nakuuliza swali moja tu," alisema. "Mume wangu kamkuta mgonjwa njiani, kamfunga kwenye shati lake mwenyewe, kampeleka kwa serikali. Mtu akipeleka mgonjwa hospitali, nyie mnamfunga?"

"Mama, niache nifanye kazi."

"Kazi ulishaifanya Jumatatu. Mwenzio matunda yake ndiyo nayala sasa."

Hadija aliingia ndani bila kugeuka. Yule mama alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi.

Agostinho aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, umri wa miaka hamsini hivi, utando mweupe wa vumbi umemganda kwenye nyusi. Alikohoa kabla hajakaa, akakohoa tena baada ya kukaa.

"Kikohozi hicho kimekuanza lini?"

"Mwezi huu, afande. Kila mwaka mwezi huu."

"Unapuliza salfa?"

"Napuliza. Mie mwenyewe mkorosho sina hata mmoja, nina mihogo na kampunga kidogo bondeni. Napuliza kibarua."

Hadija aliacha kuandika. Hapo hapo aliona jinsi Mkuu angeligeuza jambo: mnyama ana salfa, mtuhumiwa ana salfa, kesi imekwisha. Kila ushahidi aliouokota ulikuwa unamrudia mtu huyu.

"Kibarua kwa nani?"

"Kwa Mzee Shabani. Mwenye ghala la salfa pale Chikoloma."

"Salfa unaiweka nyumbani kwako?"

"Haa! Nani anipe mie salfa niende nayo nyumbani? Asubuhi tunapimiwa, jioni tunarudisha mashine na mifuko, hata mifuko mitupu anaihesabu. Ghala ana ufunguo yeye peke yake."

Shabani Mnaliya. Hadija alimkumbuka vizuri: mjumbe wa kamati ya kijiji, kofia safi, sauti ya taratibu. Ndiye aliyekuwa zamu ofisini Jumatatu. Ndiye aliyefunga mlango Agostinho alipoingia na mnyama, akapiga simu polisi, akatoa maelezo kurasa mbili bila kukwama.

"Nani alikwambia umpeleke kakakuona ofisini?"

Agostinho alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu msikitini. "Afande, kakakuona hupelekwa kwa wakubwa. Huku kwetu na kule kwa baba zangu ni hivyo hivyo. Anakuja na habari ya mwaka. Ukimficha, habari mbaya inakaa nyumbani kwako. Nani anataka?"

"Na wewe ulimkuta wapi hasa?"

"Nimeshakwambia."

"Niambie tena."

"Nilikwambia Jumatatu, ukaniambia hiyo si muhimu." Hakuinua sauti. "Nilimkuta kwenye njia, kati ya mihogo yangu na ghala. Anahema vibaya. Nikasema huyu kapotea, nikamgeuza aende porini. Akarudi. Nikamgeuza tena, akarudi. Mara tatu. Alikuwa hakimbii porini, afande. Alikuwa anaelekea majumbani."

Hadija alifungua jalada. Maelezo ya mtuhumiwa yalikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wake yeye. Aliyasoma mstari kwa mstari mpaka kwenye dole gumba la Agostinho. Sentensi hiyo haikuwamo. Aliikumbuka sasa, aliikumbuka na sauti ilivyoisema, na alikumbuka alivyotikisa kalamu akisema, "Twende kwenye la maana." Aliona haya, na haya zikageuka hasira, na hasira haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwake mwenyewe.

Alifunga jalada, akampigia Daktari Elisha.

"Chukua maziwa, chukua dawa, nakupitia sasa hivi. Najua alikotoka."

* * *

Chikoloma ni kijiji cha njia moja, upande wa barabara iendayo Kilambo. Walifika saa tano na robo. Hadija alisimamisha gari mbali kidogo na ghala, kwa sababu ushahidi wote aliokuwa nao ulikuwa njia ya mnyama na harufu ya unga. Hakimu angemuuliza kama kakakuona atakuja kutoa ushahidi.

Kando ya njia mwanamke wa makamo alikuwa anaanika makopa juu ya mkeka, anavigeuza vipande vya muhogo kimoja kimoja. Walisalimiana. Jina lake lilikuwa Mwanakombo, na alikuwa mtu wa kupenda mazungumzo.

"Mmekuja kwa habari ya kakakuona," alisema. "Masikini Agostinho. Lakini mwaka utakuwa mzuri, mwanangu. Mvua za kutosha."

"Umejuaje?"

"Kakakuona si kachagua maji? Kawekewa maji, kawekewa mtama, kawekewa panga. Panga hakulitazama, mtama hakuugusa, akaenda moja kwa moja kwenye maji. Akanywa mpaka akamaliza."

Jumatatu Hadija alikuwa pale ofisini robo saa baada ya simu. Mnyama alikuwa kwenye boksi, Agostinho amefungwa kamba. Hapakuwa na maji, mtama wala panga. Watu walikuwa wanalalamika, tena kwa uchungu, kwamba polisi wanamwondoa kakakuona kabla hajatabiri.

"Nani alikwambia haya?"

"Mzee Shabani. Alitwambia wote, kwenye hitima ya marehemu Hawa."

"Hitima ilikuwa lini?"

"Ijumaa, baada ya swala. Mimi ndiye niliyepika."

"Ijumaa gani, mama?"

"Ijumaa hii iliyopita, zipo ngapi? Alisema kaota."

Hadija alishusha pumzi. Watu huota mengi, lakini ndoto haimalizi maji kwenye bakuli. Shabani alikuwa na mnyama wa kumpeleka jela, pengine na mnunuzi yuko njiani, na bado hakuweza kukaa na utabiri kifuani. Aliogopa kuuficha kuliko alivyowaogopa polisi. Alimfunga kakakuona kaniki kama desturi inavyotaka, akampangia vitu vyake mbele, akaenda kuwatangazia watu heri ya mwaka, halafu akarudi kufunga kufuli.

"Na alikwenda kwenye maji," alisema Daktari Elisha kwa sauti ndogo, "kwa sababu koo lilikuwa linawaka moto. Mvua gani? Alikuwa na kiu."

"Mama Mwanakombo," alisema Hadija, "acha makopa kidogo. Nataka shahidi wa upekuzi."

* * *

Ghala lilikuwa la matofali ya udongo, bati juu, mlango mmoja. Hadija hakwenda mlangoni kwanza. Alilizunguka. Nyuma, chini kabisa ya ukuta, kulikuwa na tundu la kupita mbwa mdogo, limezibwa kwa ndani na mfuko uliojaa. Udongo uliochimbuliwa ulikuwa umemwagika nje. Hilo lilieleza namna mnyama alivyotoka.

Daktari alipiga magoti. "Njoo," alisema.

Kwenye kingo za tundu, upande wa nje, kulikuwa na mikwaruzo mipya mirefu, na kwenye nailoni ya mfuko kulikuwa na mistari mitatu iliyochanika, sambamba, kutoka nje kwenda ndani. Mnyama alichimba akatoka usiku. Kabla ya kupambazuka tundu likazibwa. Akarudi, akakwaruza, akashindwa, akazunguka kutafuta njia nyingine, na njiani akakutana na mtu mwema aliyemgeuza aende porini mara tatu.

Hadija alipiga picha nne, akainuka, akaenda mlangoni.

Shabani alikuwa ndani, amekaa juu ya kiti cha plastiki, miwani puani. Alisimama kwa heshima zote.

"Karibu, Inspekta mwanangu. Kesi si leo?"

"Leo saa nane. Nimebakiza maswali mawili, Mzee wangu."

"Uliza hata kumi."

"Jumatatu, Agostinho alipomleta mnyama, mlimwekea vitu achague?"

"Tungepata wapi nafasi? Nilimwona tu nikajua huyu ni jangili. Nilifunga mlango, nikapiga simu."

"Kwa hiyo hakutabiri."

"Hakutabiri. Bahati mbaya kwa kijiji."

"Na kabla ya hapo hukuwahi kumwona."

"Kwa macho yangu? Hata siku moja." Alitazama nyuma ya Hadija, akamwona Mwanakombo mlangoni, na sauti yake ikapoa kidogo. "Kama kuna maneno ya hitimani, ile ilikuwa ndoto."

Hadija aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika. Halafu akamgeukia daktari.

"Mweleze Mzee ugonjwa uliompata mnyama."

"Kiu," alisema Daktari Elisha, na hasira yake yote ya asubuhi ikapanda. "Mtu aliyekuwa naye ni katili, hajui desturi wala Mungu. Alimfungia kakakuona siku nne hakumpa hata tone la maji. Mnyama wa watu! Atakufa kwa kiu, na laana yake itakaa kwenye nyumba hiyo na kwenye mikorosho yake."

"Si kweli," alisema Shabani.

"Hakupewa maji," alisema Hadija. "Ndivyo karatasi ya daktari itakavyosomwa. Mbele ya watu wote."

"Si kweli! Maji alipewa! Bakuli zima, alikunywa mpaka—"

Mwanakombo aliweka kiganja mdomoni.

"Malizia, Mzee wangu," alisema Hadija. "Alikunywa mpaka wapi?"

Shabani alikaa chini kwenye kiti chake cha plastiki. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena. "Mnyama mwenyewe nilimnunua," alisema. "Sikumuiba kwa mtu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Usinichoshe!" Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile Hadija kupaza sauti, na bati la ghala likairudisha. "Mama ana maziwa. Mtoto yuko wapi?"

Mzee alitazama kona. Hakunyoosha hata kidole.

Kule konani mifuko ya salfa ilikuwa imepangwa mpaka kifuani. Hadija na daktari waliivuta mmoja mmoja, unga unapanda, macho yanawawasha, Mwanakombo anakohoa mlangoni. Nyuma ya mifuko kulikuwa na ndoo ya rangi yenye mfuniko. Mfuniko ulitobolewa kwa msumari matundu sita. Matundu matatu yalikuwa yamezibwa na unga wa njano.

Daktari Elisha aliifungua. Aliingiza mikono yote miwili, akatoa kitu cha ukubwa wa embe, kimejikunja, magamba bado laini na meupe kama kucha. Alikigeuza. Alisogeza kipimo chake, akasikiliza, akahamisha mahali, akasikiliza tena kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Inspekta," alisema.

"Sema."

"Amekufa."

"Lini?"

Daktari alibonyeza tumbo kwa kidole, akaukunjua mkono mmoja mdogo, ukakunjuka bila ubishi. "Jana. Jioni, labda. Hajaanza kuvimba."

Hadija alihesabu, ingawa hakutaka. Jumatatu saa nne asubuhi alikuwa ameketi hatua mia mbili kutoka kwenye ndoo hii, kalamu mkononi, na mtu mbele yake anamwambia njia ilipo.

"Nilikuwa nangoja mnunuzi aje kuwachukua," alisema Shabani kutoka kwenye kiti. "Mama ndiye aliyeharibu. Asingechimba, wote wangekuwa wazima."

Daktari Elisha aligeuka, mtoto bado mikononi. Hadija aliwahi kusimama katikati yao. Alimfunga Mzee pingu bila kumtazama usoni, akamwandikia Mwanakombo maelezo yake, mstari kwa mstari, akamsomea yote kabla hajatia sahihi. Saa sita na nusu alimpigia Mkuu. Alimweleza mfupi. Mkuu akauliza kama ana uhakika, halafu akauliza kama Agostinho hakuwa mshirika wa Shabani, maana si ni kibarua wake?

"Mkuu," alisema Hadija, "mshirika hapeleki mzigo ofisini kwa mwenye mzigo. Mwambie wakili wa Serikali aliondoe shauri, au nije kulieleza mwenyewe mbele ya hakimu, pamoja na makosa yangu."

Mkuu alisema hapana haja ya kufika huko.

* * *

Saa tisa mchana Agostinho alitolewa mahabusu. Ermelinda alimshika mkono, akataka waondoke hapo hapo, bakuli kichwani. Hadija aliwaomba dakika tano. Yule mama alisonya, lakini Agostinho akaingia, akakaa kwenye kiti kile kile.

"Mnyama yukoje?" aliuliza.

"Anapewa dawa na mvuke wa kufungua kifua. Daktari anasema akivuka leo na kesho, ataishi."

"Na alikokuwa anakwenda, mlipaona?"

"Tulipaona. Mtoto wake alibaki ghalani, tukamkuta amekufa."

Agostinho alimtazama usoni. Alikohoa pembeni, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Nilimgeuza mie," alisema. "Mara tatu."

"Wewe hukujua. Mimi uliniambia."

Hadija alichukua karatasi mpya. Juu aliandika tarehe ya leo, na chini yake akaandika kwamba maelezo ya Jumatatu yalipungua sentensi moja, na kwamba aliyeipunguza ni yeye. Alitia sahihi yake hapo kwanza. Halafu akashika kalamu, akangoja.

"Sema kama ulivyosema siku ile," alisema. "Polepole. Neno kwa neno."

"Alikuwa hakimbii porini, afande," alisema Agostinho. "Alikuwa anaelekea majumbani."

Akaandika yote.